Kazi zinazotafuta watu Arusha na Moshi baada ya korona: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wanaotafuta kazi, wazazi wanaotaka kujua ada waipeleke chuo gani, na waajiri wachache wa mikoa ya Arusha na Kilimanjaro. Yanaanza na ya msingi, yanaishia na ya wenye hali zao za pekee. Jambo lililokwisha kuelezwa mahali pamoja halirudiwi. Utaelekezwa namba ya swali.

## Soko lilivyo sasa

1. Kazi za utalii zimerudi kama kabla ya korona?

Wageni wamerudi na wamezidi. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa 1,527,230. Mwaka 2020 wakaporomoka hadi 620,867, mwaka 2021 wakawa 922,692, mwaka 2022 wakafika 1,454,920, na 2023 wakavuka kiwango cha kabla ya korona kwa kufika 1,808,205. Mwaka 2024 walipita milioni 2.1. Hizo ni hesabu za nchi nzima, wakiwemo wanaotua Zanzibar na kuondoka bila hata kuuona Mlima Kilimanjaro kwa mbali, kwa hiyo usizichukue zote ukidhani zinapita Arusha.

Kazi nazo zimerudi, ila kwa sura nyingine. Mwaka 2020 kampuni nyingi zilipunguza watu, zikabaki na wachache wanaofanya kila kitu: huyo huyo anajibu barua pepe, anapanga magari, jioni anakwenda KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kumpokea mgeni. Biashara ilipofufuka, waajiri walikuwa wameshaonja utamu wa mtu mmoja mwenye kazi mbili. Ndiyo maana matangazo ya siku hizi yanataka dereva anayeongoza wageni na kufungua injini, mhudumu wa mapokezi anayejua pia kurasa za mitandao ya kijamii, mpishi anayeweza kusimamia stoo.

Na wengi walioondoka wakati ule hawakurudi. Yupo aliyenunua bodaboda, yupo aliyerudi kwao Siha akapanda parachichi, na ukimtajia habari ya kukaa kusubiri mgeni anacheka. Nafasi zao ndizo zinazojazwa sasa, mara nyingi na vijana ambao hawakupata mtu wa kuwafundisha kazi pole pole.

2. Basi ni kazi zipi hasa zinazotafuta watu?

Tenganisha mambo mawili: kazi inayotafutwa na watu wengi, na kazi inayotafuta watu. Kuongoza watalii ni ya kundi la kwanza. Foleni yake ni ndefu kuanzia Sakina hadi Marangu Mtoni. Kundi la pili, kwa tunavyoona kwa waajiri wanaotuuliza mtu, lina mafundi wa magari ya safari (swali la 10), mafundi wa majokofu na umeme wa jua (swali la 11), wapishi wanaojua vyakula vya wageni wenye masharti (swali la 8), mafundi wa vifaa tiba (swali la 14) na wakaguzi wa ubora kwenye mashamba ya mboga na maua (swali la 17). Hakuna hata moja kati ya hizo inayopigwa picha sana, na nadhani hapo ndipo tatizo linapoanzia.

3. Nitafute Arusha au Moshi?

Arusha ni mji wa safari za mbugani, ofisi za kampuni na mikutano. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapo, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapo, na kituo cha mikutano cha AICC bado kinaleta wageni ambao hawaji kuona simba. Kwa hiyo wakalimani, madereva wa ofisi, watu wa vyakula vya mikutano na wa usafi wana pa kugonga hodi hata msimu wa mbuga ukilala.

Moshi ni mji wa mlima, hospitali, vyuo na kilimo. Hospitali ya KCMC ipo tangu 1971, Chuo Kikuu cha Ushirika kipo, kiwanda cha sukari cha TPC kipo Arusha Chini (jina lisikupoteze, ni Moshi Vijijini), na kahawa bado inapita mjini. Umbali kati ya miji hii ni kama kilomita 80 tu, na KIA iko katikati. Anayekaa Boma Ng'ombe au Usa River anaweza kuomba pande zote mbili.

4. Niombe kazi mwezi gani?

Msimu mkubwa ni Juni hadi Oktoba, halafu Desemba hadi Februari. Masika, yaani mwishoni mwa Machi hadi Mei, loji nyingi hupunguza watu na kambi nyingine za mahema hufungwa kabisa. Wengi huomba kazi Juni, wageni wakiwa wameshajaa. Umechelewa hapo. Meneja wa loji anapanga watu wake Aprili na Mei, wakati wa kupaka rangi na kukarabati, na ndio wakati ana nafasi ya kukaa na wewe dakika kumi. Kwa kazi za mlimani mambo hubadilika siku kwa siku. Tazama swali la 6.

## Kazi za utalii na hoteli

5. Nataka kuwa mwongoza watalii. Nianzie wapi?

Uongozaji ni kazi ya leseni chini ya Sheria ya Utalii ya 2008, na leseni inahitaji mafunzo kutoka chuo kinachotambulika. Kwa wa huku vyuo viko mlangoni: Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, juu ya Moshi, kilichoanzishwa 1963, Chuo cha Taifa cha Utalii chenye kampasi Arusha, na chuo cha hoteli na utalii cha VETA kilichopo Njiro. Kabla ya kulipa ada kwenye chuo chochote cha binafsi, hakikisha kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, kwa sababu cheti cha chuo kisichosajiliwa kitakukwamisha siku ya kuomba leseni.

Mlimani kuna utaratibu wake chini ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, yaani KINAPA, na njia iliyozoeleka ni kupanda ngazi: unaanza mgumu (mbeba mizigo), unakuwa mwongozaji msaidizi, baadaye unaongoza kundi. Njia hiyo ni ndefu lakini inaheshimiwa. Kiongozi aliyewahi kubeba anajua mgonjwa wa mwinuko anavyotembea kabla hajasema anaumwa kichwa.

Shauri letu, ambalo wengine hawalipendi: usisomee uongozaji peke yake. Ongeza leseni ya udereva (swali la 7) au lugha ya tatu (swali la 9). Vyeti vya uongozaji vitupu viko vingi mezani kwa kila meneja mjini.

6. Kazi ya ugumu inalipa? Inahitaji nini?

Mgumu ni yule anayebeba mzigo wa kundi kupanda Kilimanjaro: mahema, chakula, mitungi ya gesi, mabegi ya wageni. Malipo yana sehemu mbili, ujira wa siku na tipu, na ugomvi mwingi uko kwenye hiyo ya pili. Kabla hujapanda muulize kiongozi waziwazi: tipu husomwa mbele ya wote au hugawiwa kwenye bahasha pembeni? Kampuni nzuri huyasoma majina na kiasi kila mtu akisikia, mgeni mwenyewe akiwepo.

Mzigo una kikomo cha kilo 20, mbali na vitu vyako mwenyewe. Nenda lango la Machame asubuhi uone: mizani imening'inizwa, wagumu wamepanga mstari, kila furushi linatundikwa, linasomwa, linaingia kwa mtu wake. Likizidi, linafunguliwa hapo hapo, kopo la karanga linahamia kwa mwingine. Ujanja wa zamani ni kupunguza kitu kwenye mizani na kukirudishia mbele kidogo, miti ikishawaficha. Ukiona kampuni inafanya hivyo siku ya kwanza, usitegemee itakulipa vizuri siku ya mwisho.

Unahitaji kitambulisho cha kazi, afya njema na mavazi. Hili la mavazi ni la kufa na kupona. Kambi ya Barafu iko zaidi ya mita 4,600 na usiku wake hauna mzaha na raba za mtumba zilizotoboka. Mradi wa kuwasaidia wagumu wa Kilimanjaro, KPAP, wenye ofisi Moshi, huwaazima wagumu nguo za mlimani bila malipo. Wengine wanajitokeza langoni alfajiri bila kuitwa, wakitumaini kundi limepungukiwa mtu. Inawezekana kupata, lakini utakuwa umepanda bila kujua ni nani atakulipa. Heri kujitambulisha kwa viongozi wawili watatu mjini kabla ya msimu.

7. Nina leseni ya udereva. Naweza kuendesha watalii?

Inategemea daraja. Leseni ya daraja D ni ya gari lako la kawaida. Kubeba abiria kwa malipo kunahitaji daraja C au vidaraja vyake, kutegemea idadi ya abiria, na huwezi kulipata bila mafunzo ya udereva wa magari ya abiria kutoka chuo kinachotambulika.

Leseni ikishakuwepo, mwajiri anaangalia mambo ambayo hayaandikwi kwenye kadi. Unaweza kubadili springi iliyokatika Ndutu, jua linazama, wageni sita ndani ya gari? Unajua kuvuka tope jeusi linalonata bila kuzamisha gari? Madereva waliokaa miaka ya korona wakifanya kazi kwenye gereji ndio waliorudi barabarani haraka zaidi. Kama hujui gari kwa ndani, miezi michache kwa fundi (swali la 10) itakupa zaidi ya cheti kingine.

8. Upishi una soko kweli, au ni kazi ya kujishikiza?

Una soko, na ni kati ya kazi chache ambazo mtu anaweza kuhama nazo kutoka mlimani kwenda hotelini, kwenye mikutano ya AICC, hadi kwenye kantini ya hospitali.

Kilichobadilika ni masharti ya wageni. Kila kundi sasa lina asiyekula ngano, asiyekula kitu chochote cha mnyama hata maziwa, na mwenye mzio wa karanga. Mpishi anayeishia kwenye kuku na chipsi anaachwa. Anayejua kumpikia mtu wa namna hiyo siku sita mfululizo bila kurudia mlo anapigiwa simu na kampuni tatu kwa wakati mmoja. Uzuri ni kwamba mapishi yetu yana majibu mengi: ndizi, makande, kisamvu cha nazi, mtori usio na nyama, uji wa ulezi. Wengi hawayapeleki mezani kwa sababu walifundishwa kwamba mgeni anataka tambi.

Mlimani kuna elimu ya ziada. Juu kule maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 90, kwa hiyo maharage yatachemka hadi gesi iishe na bado yatagoma kuiva. Mpishi mzoefu huyachemsha Moshi kabla ya safari au huyaacha kabisa. Maswali ya namna hii ndiyo utakayoulizwa kwenye usaili wa kazi ya mlimani, jiandae.

9. Nisome lugha gani?

Kiingereza kwanza, na kiwe cha kuongea na cha kuandika. Baada ya hapo Kijerumani, Kifaransa na Kihispania vina wageni wengi wa safari na mlima, na Kichina kinazidi kuulizwa. Chagua moja, ukae nayo miaka miwili. Waliokusanya salamu za lugha tano ni wengi na hawapati kazi kuwazidi wengine.

## Ufundi

10. Kwa nini mnasisitiza sana ufundi wa magari?

Kwa sababu kila mgeni anayekwenda Serengeti anarudi na gari linalohitaji fundi. Barabara ya vumbi kutoka lango la Loduare kuelekea Naabi inakung'uta kila nati. Gari linaingia gereji usiku likiwa na shokomzoba imevuja, bushi zimekwisha, kichujio cha hewa kimejaa vumbi kama unga, na saa kumi na mbili asubuhi linatakiwa liwe hotelini limeoshwa. Msimu mkubwa hilo hutokea kila siku kwenye kila kampuni.

Wakati wa korona magari mengi yalisimama miezi mingi, mengine yakauzwa. Yaliyorudi barabarani ni makongwe kuliko zamani, na yaliyonunuliwa karibuni yana mifumo ya kielektroniki inayohitaji kompyuta ya kusoma hitilafu. Kwa hiyo fundi anayetafutwa ana mikono miwili: mmoja wa Land Cruiser ya zamani isiyo na waya nyingi, mwingine wa gari jipya linalogoma kuwaka kwa sababu ya kitambuzi kimoja kidogo. VETA Arusha na VETA Moshi wanafundisha msingi. Chuo cha Ufundi Arusha kinakwenda mbali zaidi. Mwenye ujuzi wa kuchomelea na kutengeneza paa la kufunguka, hata Kenya wanamjua.

Wasichana wanauliza kama watakubaliwa. Wapo wanaofanya, hasa umeme wa magari. Mteja atashangaa dakika tano za kwanza; gari likiwaka mshangao unaisha.

11. Na umeme, majokofu, maji?

Kambi ya mahema iliyo mbali na nguzo za TANESCO inaishi kwa paneli za jua, betri na inveta. Kikizimika kimoja, nyama inaharibika na simu za wageni hazina chaji. Fundi anayeelewa umeme wa jua pamoja na majokofu anaajiriwa na loji, mashamba ya maua yenye vyumba vya baridi, machinjio, na maduka ya dawa. Mafundi bomba wanaojua mitambo ya kusafisha majitaka nao ni adimu. Hizi ni kazi zisizojali msimu, maana jokofu linaharibika hata masika.

12. Nina ujuzi wa mtaani lakini sina cheti. Nifanyeje?

VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Unapimwa unavyofanya kazi, unajazwa mapengo yaliyopo, unapewa cheti kinachotambulika. Nenda chuo cha VETA kilicho karibu ukiwa na picha za kazi zako na barua ya fundi uliyefanya naye. Kwa aliyeishia darasa la saba zipo pia kozi fupi. Usikubali mtu akuambie bila kidato cha nne huna mlango.

13. AFCON 2027 italeta kazi za kudumu?

Mashindano haya ya soka ya mataifa ya Afrika yanaandaliwa na Tanzania, Kenya na Uganda, na Arusha inajengewa uwanja mpya. Ujenzi unataka mafundi wa nondo, waashi, waendesha mitambo na madereva wa malori, na hoteli zinaongeza vyumba. Kazi za ujenzi huisha jengo likiisha. Anayefikiri mbele achukue kazi hiyo kwa ajili ya ujuzi na barua ya uthibitisho, kwa sababu mwendesha mitambo mwenye cheti anahama na kazi yake hadi mradi mwingine.

## Afya, ofisi na mashamba

14. Mtoto asomee afya? Tunasikia wauguzi hawaajiriwi.

Yote mawili ni kweli: vituo vinalia upungufu, na wahitimu wako nyumbani. Ajira za serikali hutolewa kwa vibali na bajeti, si kwa idadi ya wagonjwa. Hospitali za mashirika ya dini na za binafsi huajiri kidogo kidogo mwaka mzima, na huku ziko nyingi kuliko mikoa mingine: KCMC, Machame, Kibosho, na kwa Arusha zile za Kilutheri. Hospitali za mikoa za Mawenzi na Mount Meru hupokea wanaojitolea, na wengi huonekana hapo kwanza.

Kinachosahaulika ni ufundi wa vifaa tiba. Mwaka 2021 serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa mapambano dhidi ya UVIKO-19. Sehemu yake ikaenda kwenye mitambo ya oksijeni, vyumba vya wagonjwa mahututi na mashine za uchunguzi. Mashine zikishafungwa zinahitaji mtu wa kuzihudumia, na mtu huyo hapatikani kirahisi nje ya miji mikubwa. Chuo cha Ufundi Arusha kinafundisha fani hiyo. Mzazi akituuliza kati ya stashahada ya uuguzi na ya vifaa tiba kwa kijana anayependa fizikia, hatusiti kumwelekeza kwenye ya pili.

15. Nina digrii ya uhasibu au biashara na nimekaa miaka mitatu. Nimekosea wapi?

Hujakosea, mko wengi. Kampuni ndogo za utalii hazitafuti mhasibu wa vitabu pekee; zinatafuta mtu wa hesabu anayejua pia mashine za risiti za EFD, marejesho ya TRA, malipo ya hifadhini na makato ya NSSF. Mwenye vitu hivyo anaweza kuhudumia kampuni nne kwa siku tofauti za wiki bila kuajiriwa na yoyote. Wapo wanaoishi hivyo Arusha na hawatamani kurudi kwenye usaili. Kazi za serikali huombwa bure kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Jaza taarifa zako mapema, usisubiri tangazo.

16. Kazi za mtandaoni ni za kweli?

Zipo za kweli. Kampuni za safari zinahitaji watu wa kujibu maulizo ya wageni kwa Kiingereza safi ndani ya saa chache, kupanga ratiba na bei, kupiga picha na kuhariri video. Korona iliwafundisha waajiri kwamba kazi hiyo inaweza kufanyika ukiwa Rau nyumbani kwako. Zile za kulipwa kwa kubonyeza video baada ya kuweka kiingilio si kazi. Soma swali la 18.

17. Mashamba ya maua na mboga yanachukua watu wa aina gani?

Usa River, Tengeru na maeneo ya Hai na Siha yana mashamba yanayouza nje maua, maharage machanga, mbegu na parachichi. Vibarua wa kuchuma wanapatikana. Wanaokosekana ni mafundi wa umwagiliaji wa matone, wasimamizi wa vituo vya kufungashia, na wakaguzi wa ubora wanaoweza kuandika kumbukumbu za dawa kila siku bila kuruka, kwa sababu mnunuzi wa Ulaya anazidai. Kama umesoma kilimo na unaona aibu kuvaa buti, kazi hii haikufai. TAHA, umoja wa wakulima wa mbogamboga, maua na matunda, una makao yake Arusha na ni mahali pazuri pa kuulizia.

## Mikataba, fedha na utapeli

18. Wakala ameniomba pesa ya "fomu" ili anipe kazi. Nilipe?

Usilipe. Wakala wa ajira anatakiwa kuwa na leseni na kulipwa na mwajiri, hatakiwi kumtoza anayetafuta kazi. Dalili nyingine: usaili unafanyika kwa ujumbe tu, pesa inatumwa kwa namba ya mtu binafsi, mshahara ni mkubwa kuliko wa meneja, na lazima ulipe leo. Wanapenda kutumia majina ya hoteli kubwa za Ngorongoro na Serengeti. Piga simu ofisi ya hoteli iliyoko mjini Arusha, au nenda mwenyewe. Umeshalipa? Tunza ujumbe wote na muamala, toa taarifa polisi na kwa mtandao wako wa simu siku hiyo hiyo.

19. Nimepewa kazi ya msimu bila mkataba wa maandishi. Nina haki gani?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28. Mwajiri akuandikishe NSSF na achangie Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mchango huu wa pili haukatwi kwenye mshahara wako.

Jambo moja wa msimu hawaambiwi: kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali haimhusu mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri mmoja. Kwa hiyo tarehe ya kuanza kazi ni mali. Iandike, mtumie meneja ujumbe wa simu kuithibitisha, tunza jibu.

20. Niliachishwa 2020 bila malipo. Naweza kudai sasa?

Malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Migogoro mingine ndani ya siku 60. Nje ya muda huo unaweza kuomba usikilizwe ukiwa na sababu za msingi, lakini kuchelewa kwa miaka si jambo la kuombea kirahisi. Tume ina ofisi Arusha na Moshi, kuuliza hakulipiwi.

Kilichobaki mara nyingi ni NSSF. Angalia taarifa ya michango yako. Wengi waligundua wakati wa korona kwamba makato yalikuwa kwenye hati ya mshahara tu na hayakufika kwenye mfuko. Ukikuta hivyo, peleka hati zako za mishahara NSSF, wao ndio wenye meno ya kumfuata mwajiri. Kwa anayeachishwa sasa lipo fao la kukosa ajira: aliyechangia angalau miezi 18 hulipwa theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Aliyeacha kazi kwa hiari yake halimhusu.

21. Nina ujuzi, sina mtaji wa kujiajiri.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023 ikarejeshwa 2024. Muone ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Kikwazo kikubwa ni vikundi vinavyoundwa wiki ya maombi na kugombana wiki ya pesa, basi ungana na watu mliokwisha kufanya kazi pamoja.

## Hali za pekee

22. Nina miaka 47, nilikuwa mwongozaji kabla ya korona. Nimechelewa kurudi?

Kwa mbuga, hapana. Wageni wa umri mkubwa wanafurahia mtu mzima anayejua ndege kwa majina. Huisha leseni, jikumbushe huduma ya kwanza, na kubali kuanza kwa safari fupi za Tarangire na Manyara hadi jina lirudi. Kwa mlima, pima afya kwanza. Waajiri wengine wanatafuta wazoefu wa kufundisha vijana waliotajwa swali la 1. Iseme nafasi hiyo mwenyewe kwenye barua, hawataikumbuka.

23. Mama mwenye mtoto mdogo anaweza kupata kazi ya utalii?

Loji za mbugani zina mzunguko wa wiki kadhaa kazini na siku chache nyumbani, hivyo bila bibi au dada wa kumwachia mtoto ni vigumu. Angalia kazi za mjini: ofisi za kampuni, hoteli za Moshi na Arusha, kufulia, kuoka mikate kwa ajili ya kampuni za mlima, kushona na kukarabati mahema. Hii ya mwisho ina wateja wa uhakika kila baada ya msimu. Ukiwa umeajiriwa, likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, na 100 kwa waliozaa zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja.

24. Wasifu wangu una pengo la 2020 hadi 2022. Nilifanya vibarua tu. Niandike nini?

Andika ulichofanya. "2020–2022: nilisimamia shamba la nyanya la familia Kahe, niliuza soko la Mbuyuni" inamwambia mwajiri unaweza kushika hesabu na watu. Meneja wa huku hatashtuka. Naye alikuwa na pengo hilo hilo.

25. Mimi ni Mkenya ninayeishi Namanga. Naweza kuongoza watalii au kufungua kibanda cha kutengeneza simu Arusha?

Hapana kwa yote mawili. Amri iliyotolewa Julai 2025 inakataza wasio raia kufanya biashara kadhaa, zikiwemo kuongoza watalii, kutengeneza simu na uwakala wa fedha kwa simu. Kwa kazi ya kuajiriwa utahitaji kibali cha kazi chini ya sheria ya 2015 ya ajira za wasio raia pamoja na kibali cha ukaazi, na mwajiri ndiye anayeanza maombi. Mwenye mzazi Mtanzania ashughulikie kwanza suala la uraia Uhamiaji; sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, hivyo lifikirie kabla ya kujaza fomu yoyote.